Sakafu ya Chumba cha Nyuma

Mbarara, nyumbani, mvua zikianza

Baba Furaha,

Ninakuandikia nikiwa katika chumba cha nyuma. Ungeniona hapa ungeshangaa, maana tangu tuhamie nyumba hii sikuwahi kukaa humu hata kwa muda wa kuchambua maharagwe. Leo nimewekewa kiti, na mto wa kuegemeza mgongo, na dirisha la uani liko wazi. Mwandiko wangu umeharibika, utanivumilia. Daktari anasema moyo umechoka tu, lakini anaposema hivyo anatazama ukutani, na mimi nimesimama mbele ya darasa muda mrefu wa kutosha kumtambua mtu anayeficha jibu. Kwa hiyo naandika sasa, mkono ungali unanitii. Nina jambo la kukuungamia, na nina swali.

Kwanza habari, na nitaanza na nyumba kabla ya watu, kama ulivyopenda.

Paa la mbele halivuji tena. Yale mabati uliyoziba matundu yake ya risasi kwa lami na vipande vya blanketi yalidumu kuliko wewe. Mvua za mwaka jana ndizo zilizoyashinda. Hatukuwa na uwezo wa kununua mapya, basi tukayahamisha: mazima ya jikoni tukayapeleka mbele, mabovu ya mbele tukayaweka jikoni, ambako moshi wenyewe unahitaji tundu. Dari yako ya mafunjo ipo. Panya walikula pembe moja, na Furaha ameifuma upya kwa mafunjo aliyokata mwenyewe ziwani Nakivale, akayaleta juu ya lori la mahindi. Ukuta unaotazama barabara tumeupiga lipu ya mchanga na chokaa. Saruji tulipata mfuko mmoja, nami nikaushuku. Nilikoroga kidogo kwenye kopo, nikaacha hadi kesho yake, haikushika. Nikaurudisha dukani. Mwenye duka akaniambia, "Mama, wewe iko na roho ngumu sana." Nikamjibu kwamba afadhali roho yangu, saruji yake haikuweza hata hilo. Akacheka, akanibadilishia.

Ndivyo nilivyo sasa. Nanusa maziwa ya watu wa Bwizibwera kabla ya kuyapokea, nachungulia chini ya gunia la mkaa. Zamani nilidhani ni uzee. Siyo uzee. Nilijifunza kushuku ndani ya nyumba hii, na wa kwanza kumshuku ulikuwa wewe.

Unakumbuka tulivyoipata. Ilikuwa baada ya vita, Mbarara imejaa nyumba zisizo na milango. Sisi tulikuwa Rubondo, kwenye makazi ya wakimbizi, mimi nikifundisha, wewe ukifanya useremala katika kambi ya jeshi huku mjini na kurudi kwetu mwisho wa mwezi. Siku moja ukarudi katikati ya mwezi, hata kofia hujavua, ukasema, "Mama Furaha, nimepata nyumba. Ni ya zamani, lakini nguzo zake zingali nzima." Nikauliza bei. Ukaitaja, nikakuomba uitaje tena, maana kwa bei hiyo mtu hupata ng'ombe mmoja tena aliyekonda. Nikakuuliza mwenyewe yuko wapi. Ukasema amekufa, alikuwa mzee wa Kiislamu, mfanyabiashara wa ngozi, na kijana wake anauza kwa haraka anakwenda Kenya. Nikakuuliza amekufa kwa nini.

"Sikuuliza," ukasema.

Neno hilo lilibaki nami. Mtu hununua mbuzi akauliza kwa nini anakohoa.

Lakini ile miezi ya kwanza, niseme ukweli, niliipenda. Hatukuwa na kitu. Misumari tuliinyoosha juu ya jiwe, mmoja mmoja, ukiniambia nisiigonge kwa hasira. Milango ulitengeneza kwa mbao za masanduku ya kambini, na nilikuona ukipitisha randa juu ya zile namba zilizochapwa mpaka zikafutika zote, ukachoma na maranda yake. Mimi nilikanyaga udongo na nyasi nikaziba kuta, nikapakaza sakafu ya mbele kwa kinyesi cha ng'ombe na majivu, Furaha akinipitishia maji. Ulikuwa ukisimama mlangoni unasema, "Mwalimu, leo umekuwa fundi kuliko fundi." Nilikuwa nikikutupia udongo.

Kisha tukafika chumba hiki.

Nilikuwa nakwangua sakafu ya zamani ili niweke mpya. Kila mahali jembe liligonga na kurudi, kwa sababu ardhi ilikuwa imekanyagwa miaka mingi. Chini ya dirisha likazama. Likazama hivi hivi, kama mtu anayechimba viazi. Nikapiga magoti, nikakwangua kwa mkono, nikaona mpaka wake: urefu wa mtu aliyelala, upana usiofika upana wa mlango, umenyooka sambamba na ukuta. Wewe ulikuwa juu ya paa. Nikakuita. Ulishuka, ukasimama pale kizingitini, ukatazama. Uso wako naukumbuka hadi leo.

Ulisema, "Pakaza tu, Mama Furaha. Ile fasi usiichimbe."

Nikakuuliza kwa nini.

"Tuko na kazi mingi," ukasema. Ukapanda tena juu, na nikakusikia ukigonga pale ambapo misumari ilikuwa imeshaingia yote.

Nilipakaza. Tangu siku hiyo chumba kikawa stoo. Hatukupatana hivyo kwa maneno. Kitanda kilikuwa chumbani mwetu, cha Furaha sebuleni, na huku tukaweka mbao, na magunia, na kile usichotaka kukitazama mara kwa mara.

Halafu alikuwapo yule Sajini wako wa kambini. Alikuwa akija Jumapili kunywa chai, anakaa kwenye kiti chako, anatazama dari. "Fundi, hii nyumba yako mzuri kabisa. Mwenyewe hawezi rudi kudai." Na kucheka. Wewe ulikuwa unacheka naye kidogo, kwa mdomo tu. Mimi nilikuwa nikienda jikoni kuweka maji ambayo hakuna aliyeyaomba. Mtaani watu walitusalimu na kupita. Hawakutuambia lolote kuhusu mzee aliyekaa humu, nasi hatukuwauliza. Kwao tulikuwa wakimbizi tulioingia nyumba ya mwenzao, tena tunanywa chai na askari. Ningekuwa wao nami ningenyamaza.

Ukafika ule wakati wakimbizi walipofukuzwa mijini. Mimi na Furaha tukarudi Rubondo na mabunda kichwani. Wewe ukabaki, kwa sababu Sajini alisema, "Huyu fundi yangu, hakuna mtu nagusa yeye." Nilipopata njia ya kurudi, kitu cha kwanza nilichofanya ni kufungua mlango wa chumba hiki. Sakafu ilikuwa imepakazwa upya, pale chini ya dirisha tu. Haikuwa imepakazwa na mwanamke. Sisi tunazungusha mkono, alama zinabaki kama mwezi mwandamo. Hizi zilikuwa zimenyooka, za mtu aliyezoea kusukuma randa. Na palikuwa pameinuka kuliko kwingine. Ulikuwa umeongeza udongo mwekundu wa kichuguu.

Nilikuuliza tukiwa mezani. Ukasema, "Ilikuwa imezama." Ukaomba chumvi.

Baba Furaha, mwanzoni nilidhani pana kaburi la zamani, la mtu tusiyemjua. Kuanzia siku hiyo niliamini jambo jingine. Niliamini kwamba mtu aliwekwa mle nikiwa Rubondo, kwamba askari walimleta, na kwamba wewe ulishika jembe. Ndiyo niliyoamini. Sijawahi kuyaandika maneno haya na naona yanavyotisha kwenye karatasi.

Kila nilichokiona kilinithibitishia. Kila mwaka, sikukuu ya marehemu ilipokaribia, ulikwenda kwa padri ukaomba Misa. Katekista alikuwa akisoma majina: fulani ameombewa na wanawe, fulani ameombewa na mjane wake. Kisha, "marehemu asiye na jina, ameombewa na fundi." Nilikaa kando yako kwenye benchi. Nilijisemea, mtu asiye na hatia haombei mtu asiye na jina.

Na bado nilikupikia. Nilikukanda mgongo, nilicheka vichekesho vyako, nilikushonea kifungo cha shati la kwendea kambini. Utauliza kwa nini sikukuuliza waziwazi. Niliogopa kwamba ungenijibu.

Sasa naja kwenye lile ninalokuungamia.

Ulipolazwa, mapafu yamejaa maji, siku ya mwisho uliyoweza kusema sawasawa ulinishika kanga ukasema, "Nipeleke nyumbani. Nataka kulala chini ya dari yangu." Nikakwambia daktari amekataa. Ukaniamini. Ukasema, "Basi, kama daktari anakataa."

Daktari hakukataa. Daktari alikuwa ameniambia koridoni asubuhi ile kwamba hana la kukufanyia zaidi, na kama una mahali unapopapenda nikupeleke. Mimi ndiye niliyekataa. Sikutaka ufie katika nyumba hii, juu ya yule mtu. Na nilitaka useme kwanza. Nilikaa kando ya kitanda nikisubiri uungame, na wewe ulilala ukisubiri daktari akuruhusu. Alasiri ukaacha kusubiri. Sikulia. Watu walinisifu kwa ujasiri wangu. Nikaagiza gari likupeleke moja kwa moja Rubondo, bila kupita hapa, nikawaambia ndugu kwamba paa limefunguliwa kwa matengenezo. Paa lilikuwa zima.

Nilidhani nitakufa na siri hiyo. Lakini Furaha amehamia hapa na mtoto wake. Mtoto ana kifua, na Rubondo hospitali iko mbali. Mumewe amebaki na shamba mpaka mavuno. Wanahitaji chumba. Wiki ya pili Furaha akatoa mbao zako, akafagia, akasema atavunja sakafu yote ashindilie upya, kwa sababu baridi inayopanda kutoka chini ndiyo inayomkohoza mtoto. Nikamwambia aache. Akasema, "Mama, ni udongo tu." Akainua jembe. Nikapiga ukelele ambao sikujua kifua changu bado kinao. Nilimwambia nitamfukuza. Mwanangu, na mtoto mgongoni. Akakaa chini akalia.

Aliyesikia ni Hajati Zaina, jirani yetu wa upande wa uani. Wewe hukumjua. Alikuwa amehamia Kikagate miaka mingi kwa biashara ya vitenge, amerudi baada ya serikali hii kuingia, anaitengeneza nyumba ya mamake kama sisi, kidogo kidogo. Huja kuazima pima maji yako. Nilimshuku yeye pia, kwa sababu kila akija hutazama dirisha hili. Siku hiyo aliingia bila kubisha.

"Mama Furaha, mtoto anataka sakafu, wewe unalia kama umeambiwa uuze mume."

Nikamwambia mume hayupo wa kuuza. Kisha, sijui ni uchovu au nini, nikamvuta karibu nikamwambia. Nikamwambia chini ya sakafu hii kuna mtu.

Alinitazama. Akauliza polepole, "Chini ya dirisha?"

Nikasema ndiyo.

"Urefu wa kitanda?"

Nikajua mtaa mzima unajua, ila Furaha tu. Na Hajati akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akaacha ghafla akakaa chini sakafuni na buibui lake.

"Hapo ndipo alipooshwa Mzee Salimu," akasema. "Mwenye nyumba. Alikuwa na pumu. Bunduki zililia hapa mjini, hakuna aliyeweza kutoka kumtafutia dawa, akafa kitandani mwake. Sisi tukifiwa tunachimba ndani ya nyumba, tunaweka kitanda cha kamba juu, tunaoshea hapo, ili maji ya maiti yaingie chini yasikanyagwe na watu. Tukimaliza tunafukia. Wanaume ndio waliomwosha. Mimi nilikuwa nachota maji, nawapitishia kwa dirisha hilo. Ndiyo maana nalitazama, dada yangu. Amelala makaburini kama watu wengine, ukitaka nitakupeleka umwamkie." Kisha akaniangalia kwa huruma na kejeli pamoja. "Mwalimu mzima. Umesoma kwa masista mpaka Kifaransa, na umekaa na Waislamu ukuta kwa ukuta, hujui tunavyooshana?"

Sikujua. Tumewazika majirani wa Kiislamu, tumekaa nje kwenye mikeka, tumekula wali wa matanga. Ndani hatukuingia. Sisi tunamwosha mtu juu ya mkeka na maji tunamwaga migombani. Nani angetuambia?

Na unajua nilichofanya? Sikumwamini. Nilisema moyoni, huyu ametumwa. Pengine ni ndugu wa mwenye nyumba, anataka tutulie kisha adai. Nikamwambia, "Kama ni hivyo, tuchimbe."

"Tuchimbe," akasema, akakunja mikono ya nguo.

Furaha alichimba, Hajati akazoa udongo kwa beseni, mimi nikakaa kwenye kiti hiki. Kwanza ukatoka mpakazo wangu. Kisha udongo wako wa kichuguu, mwekundu, umeshindiliwa vizuri, kwa subira. Chini yake udongo mweusi, laini. Na kisha jembe likagonga. Ardhi ngumu, tambarare, ina alama za jembe la mtu mwingine. Kina chake hakifiki gotini. Nilishuka kwenye kiti, nikapapasa mwenyewe pembe hadi pembe. Hakuna mfupa. Hakuna kitambaa. Hakuna kitu.

Hajati akafuta jasho akasema, "Haya, mwalimu. Sahihisha."

Ndipo nilipolia, Baba Furaha, kilio chako chote nilichokunyima. Furaha alidhani nafurahi.

Baadaye nikaanza kufikiri upya, na kila kitu kilikuwa kinageuka. Ile Misa. Naona sasa kwamba labda na wewe ulidhani ni kaburi. Labda ulidhani askari walimuua mzee wakamfukia humu, na maneno ya Sajini ukayaelewa kama nilivyoyaelewa mimi, ukacheka kwa mdomo tu kwa sababu ulikuwa unamwogopa. Labda paa la huku lilikuwa wazi nilipokuwa Rubondo, mvua ikaingia, pakazama, nawe ukamfunika mtu unayemdhania kwa udongo mzuri kuliko wote ulioweza kuupata. Ukamwombea kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumwombea. Ukaninyamazia ili nilale.

Hivyo ndivyo ninavyotaka iwe. Lakini nimekuwa mtu wa kushuku, na siwezi kuacha katika wiki moja. Bado najiuliza: kama ulidhani mwenye nyumba aliuawa, ulinunuaje nyumba yake? Ulijua tangu siku uliyoitaja bei, au ulijua siku uliyosimama kizingitini? Au ulikuwa umeambiwa na yule kijana habari ya kuoshwa, ukanificha ukidhani nitaogopa kulala ndani ya nyumba ya Waislamu, nikatuma barua kwa masista? Ungekuwa umekosea, lakini lingekuwa kosa la kuchekesha, tungelicheka mpaka leo. Sajini amekwenda na jeshi lake, sijui wapi. Hakuna aliyebaki wa kuniambia.

Sakafu imekwisha. Tumefukia, tukashindilia kwa gogo, Furaha akachanganya kichuguu na majivu akapakaza, na Hajati akaleta kinyesi cha ng'ombe kwa beseni lake lile lile, akilalamika kwamba hakwenda Maka kuja kubeba hiki. Kuta tutazipaka udongo mweupe tukipata. Mtoto analala humu na kikohozi kimepungua. Jana ameanza kutambaa, na kila akianza huelekea dirishani.

Furaha nimemwambia yote, na la daktari pia. Siku mbili alinipa uji bila kunitazama. Siku ya tatu aliuweka uji chini akauliza, "Baba aliomba mara ngapi?" Nikasema mara moja. Hajaniuliza tena, wala sijui ameniwekea nini moyoni. Sitamlazimisha.

Nimekataa kulazwa hospitali. Nimesema kitanda changu kiletwe chumba hiki, na siku yangu ikifika nioshwe humu humu, kisha nipelekwe Rubondo, nizikwe ubavuni mwako, kama utaniruhusu. Hajati ameahidi kuchota maji. Nikamkumbusha kwamba mimi ni Mkristo. Akasema maji hayaulizi.

Nakuaga, mume wangu, kwa karatasi hii, kwa sababu siku ile pale hospitali sikukuaga, nilikuwa nakuhoji kimya kimya. Ulale vizuri. Ahadi yangu ni hii: nikifika huko uliko sitakujia na hukumu niliyoibeba mfukoni. Nitakuuliza ulijua nini kuhusu chumba hiki, nitauliza kwa mdomo wangu, na nitakaa hapo mpaka umalize kunijibu.

Mkeo,
Mama Furaha